Kilo za kondoo kwa futi ya fundi cherehani

Ukiuza dawa za mifugo hapa Igurusi, Mbeya, kuna swali utaliuliza mpaka ulichoke: kondoo wako ana kilo ngapi? Jibu nalo ni lilelile. "Wa kawaida tu." Ukimbana kidogo, mteja anakuonyesha kwa kiganja usawa wa paja lake, na mteja mrefu ana paja lake, mfupi ana lake.

Si kwamba hawawajui kondoo wao. Wanaokuja dukani ni Wasangu, Wasukuma na Wamasai wa huko tambarare za Usangu, pamoja na wakulima wa mpunga wenye kondoo wanne watano nyuma ya nyumba. Mzee wa Kisukuma atakutajia mama na bibi wa kila kondoo aliye zizini, nani alizaa pacha mwaka ule wa mvua nyingi, nani aliwahi kuugua kwato. Kilo ndizo hazimo. Kilo zinatakiwa na chupa.

Halafu uzito wa kubahatisha una tabia ya kufuata mfuko. Mtu yuleyule, kondoo yuleyule: akija kununua dawa ana kilo 20, akimpeleka mnadani ana 35.

Chupa haina mjadala huo. Albendazole ya asilimia 10, ambayo ndiyo naiuza sana, kipimo chake kwa minyoo ya tumbo ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Ya asilimia 2.5 ni mililita 2 kwa kila kilo 10. Yaani kondoo mmoja wa kilo 30, chupa hii inamtaka mililita 1.5 na chupa ile mililita 6, na zote mbili zimeandikwa jina moja kwa herufi kubwa. Minyoo ya ini, ambayo huku kwenye majaruba na konokono wake ni ya kawaida, inataka kipimo kikubwa zaidi ya hicho, na jike mwenye mimba changa, mwezi ule wa kwanza, albendazole hapewi kabisa. Sindano ya ivermectin ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50, inachomwa chini ya ngozi. Kondoo wa kilo 25 anahitaji nusu mililita tu. Sasa mtu aliyezoea kuchoma ng'ombe kwa bomba kubwa utamwambiaje nusu mililita? Anakuona unamwibia.

Dawa ikiwa pungufu madhara hayaishii kwa kondoo yule. Minyoo dhaifu inakufa, ile inayoivumilia dawa inabaki, inataga, na mayai yanashuka malishoni na kinyesi. Baada ya misimu kadhaa mfugaji anarudi na malalamiko kwamba dawa za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, sikatai. Lakini nikimuuliza alimpa kiasi gani, nasikia "kifuniko kimoja". Na dawa ikizidi nayo ina habari zake. Levamisole, dawa nyingine ya minyoo, haina mzaha hata kidogo: kondoo aliyezidishiwa anatoka mate, anatetemeka, na anaweza kufa mbele yako.

Kwa hiyo kabla ya dawa kuna kilo, na mizani ya mifugo kwa mtu mwenye kondoo sita ni ndoto. Hapo ndipo futi inapoingia. Fomula yake si siri. Tulifundishwa chuoni, tukaiandika, tukaifanyia mtihani, basi. Unapima mzunguko wa kifua kwa sentimita, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha na urefu wa mwili, unagawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo. Wenzetu wanaopima kwa inchi na ratili wanagawanya kwa 300. Hesabu ni ileile, vipimo tu ndivyo tofauti.

Namba hiyo 10,840 nilikuwa naitaja bila kuihoji mpaka mwanangu wa kidato cha tatu alipoikuta kwenye daftari la duka. Akaitazama, akachukua kalamu. "Mama, si pipa hili?" Akanionyesha: pipa lenye mzunguko huo na urefu huo, ukilijaza maji, uzito wake unaupata kwa hesabu ileile, ila unagawanya kwa 12,566. Tukamchukua jike mmoja niliyekuwa nimempima, kifua 74, urefu 62. Pipa lake linatoa kilo 27. Fomula ya kitabu inatoa kilo 31 na kidogo. Zile kilo nne na ushee zilizoongezeka ni kichwa, shingo na miguu, vitu ambavyo futi haikuvigusa.

Hilo lilinifungua macho kuliko mtihani wote. Kama namba ile imebeba ndani yake kichwa, shingo na miguu, basi imebeba kichwa, shingo na miguu ya kondoo fulani. Wa nani? Si lazima wawe hawa wetu wa Usangu, wenye miguu mirefu, shingo nyembamba na mafuta yote yamekimbilia mkiani. Tangu hapo msimamo wangu ni huo: fomula ya kitabu ni pa kuanzia, kila mfugaji au kila eneo lina kigawanyo chake, na kukipata si kazi ngumu ukiwa na mizani ya kuaminika hata kwa saa moja.

Mizani ya kuaminika Igurusi ni ya mashine ya mpunga. Huu ni mji wa mpunga, mashine za kukoboa zimejipanga, na kila mashine ina mizani ya magunia yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Watu wa huku tulioteswa na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, tunaitafuta stika hiyo kabla ya kuangalia mshale. Nikaomba ruhusa kwa mwenye mashine, nikaenda mchana, kabla ya trekta za jioni, na kondoo wangu mwenyewe pamoja na wa majirani wawili waliokubali. Tuliwafunga miguu mitatu kwa kitambaa laini, tukawalaza mmoja mmoja juu ya gunia tupu ambalo tulishalipima peke yake. Kijana wa mashine, vumbi la pumba limemjaa mpaka kwenye kope, akainama akamwangalia jike wa kwanza.

"Dada, huyu tunamkoboa au tunamsaga kabisa?"

Yule jike wa 74 kwa 62, ambaye kitabu kilimpa kilo 31, mizani ilimpa 29. Mdogo mmoja wa 68 kwa 58 kitabu kilisema karibu 25, mizani ikasema 23. Dume wa jirani, 82 kwa 66, kitabu 41, mizani 39. Unaona wote wanaelekea upande mmoja? Huo ndio uzuri. Kipimo kinachokosea kila mara upande uleule unaweza kukirekebisha. Kinachokosea huku leo na kule kesho hakina dawa.

Kukirekebisha unageuza hesabu: kifua kwa kifua kwa urefu, gawanya kwa kilo za mizani. Jike wa kwanza anatoa 11,707, mdogo anatoa 11,660, dume anatoa 11,379. Nilivyozidi kuwapima wengine, niliishia kwenye 11,600 kwa kondoo wetu wa mkia mnene. Kwa namba hiyo nikimpima kondoo mzima asiye na mimba, kwa kawaida naikuta mizani ndani ya kilo moja na nusu huku au kule. Kwa kazi ya dawa inanitosha. Aliyeko Ismani au Makete mwenye kondoo wa aina nyingine asiichukue 11,600 akaibandika ukutani. Aende mashine ya mahindi.

Namba yoyote ile lakini haina maana kama futi imeshikwa ovyo, na hapa naomba nikae kidogo, maana nimeona mengi.

Kwanza futi yenyewe. Fundi anayeshonea barazani kwa jirani aliniuzia yake ya zamani kwa bei ya kutupa. Nikailaza kwenye kaunta pamoja na rula ya chuma, nikaona imevutika: mita moja ya kweli yenyewe inasoma sentimita 98. Kwa kushona sketi haina shida. Kwa kondoo upungufu huo unaingia mara mbili kwenye kifua na mara moja kwenye urefu, kwa hiyo kondoo wa kilo 30 unampunguzia karibu kilo 2 bila kujua. Nikamrudishia, nikanunua mpya. Na ujue futi hizi zina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, zikijipinda kidogo mgongoni mwa kondoo unasoma upande usiotaka.

Kondoo asimame mahali tambarare, miguu minne imebeba uzito sawa, kichwa kiko juu kama anavyokaa mwenyewe. Hii ndiyo kazi. Kondoo akikamatwa ghafla anajikunja, anasukuma mabega mbele, kifua kinabadilika. Akiinamisha kichwa kutafuta pumba, kinabadilika tena. Mimi namweka mtu mmoja ubavuni, mkono mmoja chini ya taya, mwingine nyuma ya makalio, anamwachia apumue mpaka atulie kabla futi haijamgusa. Watoto wanafaa sana kazi hii kuliko watu wazima. Mtu mzima anashika kwa nguvu kana kwamba kondoo ana deni lake.

Futi inapita kwapani, nyuma tu ya miguu ya mbele, inapanda nyuma ya mabega, inakutana juu ya mgongo. Ivute mpaka manyoya yalale, isizame kwenye nyama. Kwa wale wa juu, Uyole na Inyala, ambako Juni na Julai manyoya yanasimama kwa baridi, tenganisha manyoya kwa vidole kwanza. Akiwa amelowa mvua mwache akauke.

Urefu ni kutoka ncha ya bega, lile fundo la mfupa unaloligusa mbele, pembeni mwa kifua, mpaka mfupa wa kalio unaochomoza pembeni mwa shina la mkia. Si kutoka shingoni. Kwa kondoo wa mkia wa mafuta wengi wanaupoteza mfupa huu wa nyuma kwa sababu umefunikwa, wanaishia kupima mpaka kwenye mafuta. Sukuma mkia pembeni, bonyeza kwa dole gumba mpaka ukutane na kitu kigumu. Hapo ndipo mwisho.

Pima mara tatu. Ukipata kifua 73, 74 na 77, hiyo 77 alikuwa amejikunja, shika 74. Ukiishika 77 umemwongezea yule jike wetu kilo mbili na nusu kwa sentimita tatu tu. Kwenye urefu sentimita tatu zingemwongezea kilo moja na nusu hivi. Kifua ndicho chenye nguvu kwa sababu kinajizidisha, kwa hiyo muda wako mwingi utumie hapo.

Wana-kondoo wadogo wasipimwe kwa futi. Umbo lao bado ni miguu mitupu na hesabu haiwakamati. Mbebe kifuani, panda mizani ya kupimia watu, kisha toa uzito wako. Jike mwenye mimba kubwa naye futi inampunja, maana mzigo wote uko nyuma ya mahali futi inapopita.

Wateja hawatafanya hesabu ya kuzidisha mara mbili wakiwa wamesimama na pikipiki inaunguruma nje. Kwa hiyo nimebandika karatasi karibu na kaunta, kifua peke yake na kilo zake, nikichukua urefu wa kawaida wa kondoo wa huku. Kifua 65, kilo 20. Kifua 70, kilo 25. Kifua 75, kilo 30. Kifua 80, kilo 37. Kifua 85, kilo 44. Ni kipimo cha haraka, na mwenye muda namtaka urefu pia. Watu wanauliza mbona kutoka 65 kwenda 70 zimeongezeka kilo 5, na kutoka 80 kwenda 85 zimeongezeka 7. Kondoo akinenepa anapanuka pande zote kwa pamoja, kwa hiyo kila sentimita ya juu inabeba zaidi kuliko ya chini.

Sasa kuna wale ambao hata futi hawana, na kwao nyumbani ni mwendo wa nusu siku. Hawa nawapa uzi wa kushonea magunia. Huo hauvutiki ovyo kama uzi wa nailoni, na Igurusi hauhitaji kuutafuta, umetupwa kila kona. Mzee mmoja wa Kisangu alikuja na uzi wake ameuviringa kwenye kidole, mafundo kutoka ncha hadi ncha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea kondoo wangu hawa hapa."

Akaunyoosha kwenye kaunta. Fundo la kwanza kutoka mwanzo wa uzi ni kifua cha jike mweusi, la pili ni la mama yake, la tatu ni la dume. Aliwapima wote kuanzia ncha moja, kwa hiyo uzi mmoja ulikuwa na kundi zima. Karibu na fundo la dume alikuwa amefunga kipande cha kitambaa chekundu asije akasahau. Nikaweka futi pembeni, nikamsomea: 71, 76, 83. Tulimaliza mahesabu ya dawa zake kwa muda mfupi kuliko ninavyotumia kwa mwenye simu kubwa anayenitumia picha ya kondoo na kuniuliza "huyu kilo ngapi?"

Nikamwambia jambo moja zaidi, na ninamwambia kila mtu. Kama kundi zima linapewa kipimo kimoja, kipimo kifuate kondoo mzito kuliko wote. Kisifuate wa katikati. Ukifuata wa katikati, nusu ya kundi imepata pungufu. Ila levamisole usiifanyie hivyo kama kundi lina wakubwa na wadogo sana, watenganishe kwanza. Na kabla ya yote mfunue kope la chini la jicho. Likiwa jekundu vizuri, huenda hahitaji dawa ya minyoo wanaonyonya damu leo. Likiwa jeupe, usisubiri. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi kwa kazi hiyo, nami nawaambia wateja hata bila kadi wazoeshe macho.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba kuna siku futi inasema kweli kuliko mizani. Mcheuaji anatembea na tumbo lenye vitu. Kondoo wa kilo 30 aliyeshiba na kunywa anaweza kuwa amebeba kilo tatu hadi tano za majani na maji. Wachuuzi wa mnadani wanalijua hilo tangu zamani: wanamlambisha chumvi usiku, asubuhi anakunywa ndoo nzima, tumbo linatuna, mnunuzi anamwona mnene. Mizani nayo itayapima maji yale kwa uaminifu wote. Futi inayopita kwenye mbavu za mbele haitikisiki sana, kwa sababu maji yako nyuma. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kondoo wako kijana anakua au anajaza tumbo tu, mpime kifua kila baada ya wiki nne, asubuhi kabla hawajafunguliwa, mtu yuleyule, futi ileile. Mama mmoja wa majaruba ya Mahongole anaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa banda. Aliona kifua cha mmoja kimesimama palepale msimu mzima wakati wenzake wanaongezeka, akamleta, kope zake nyeupe pe.

Mnadani ni habari nyingine. Huko futi haina heshima, na mimi simshauri mtu akaingie nayo shingoni. Dalali anaingiza mkono chini ya kifua, anamnyanyua kidogo, anabonyeza mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho, anakamata shina la mkia, anataja bei. Sekunde kumi. Ukitoa futi atakucheka, na watu watakuzunguka kama umeleta mchezo. Halafu, tuseme ukweli, mkono wake unajua kitu ambacho futi haikijui. Majike wawili wenye kifua 75 kila mmoja, mmoja ana mifupa mikubwa na mgongo uliochongoka, mwingine mifupa midogo na nyama imejaa pembeni mwa uti. Kilo zao hazipishani sana. Mnunuzi wa bucha anamtaka wa pili, na ana haki.

Futi kwa biashara kazi yake iko nyumbani, usiku wa kuamkia mnada. Unajua una kondoo wa kilo 30. Kondoo wetu mzoga wake kwa kawaida hauvuki nusu ya uzito wa hai, kwa hiyo hesabu kilo 13 au 14 za nyama. Bei ya kilo buchani unaijua. Hapo umeshapata sakafu ya bei yako, chini yake unamrudisha nyumbani. Vijana wanaouza kabla ya Idi ya Kuchinja, wakati bei inapanda na madalali wanaingia mpaka majumbani, hao ndio imewafaa zaidi. Zamani dalali akisema "huyu hana nyama, kilo kumi tu," kijana ananyamaza. Sasa anamwambia, "Kaka, huyu ana kifua 79, nyama yake haishuki kumi na tano, toa bei nyingine." Dalali hajui kifua 79 ni nini, ila anajua amekutana na mtu mwenye namba.

Kinachonisumbua sasa ni dopa. Kondoo hawa chimbuko lao ni Afrika Kusini, walipatikana kwa kuwachanganya Dorset Horn na wale wa kichwa cheusi wa Kipersia, na madume yao yameshafika huku. Machotara wanazaliwa kila zizi la mwenye uwezo. Wana miguu mifupi, mgongo mpana, makalio yamejaa, mkia umepungua. Ukiwawekea 11,600 yangu unawapunja. Wachache niliofanikiwa kuwapeleka kwenye mizani wanaelekea kwenye namba ya kitabu, ila chotara wa nusu si sawa na wa robo tatu, na wenyewe hawakumbuki nani ni nani. Kijana wa Chimala alinipigia juzi akanitajia kifua na urefu, nikampa kipimo cha dawa, ndipo akaongeza, "Ila dada, hawa ni wale dopa wa kichwa cheusi." Ikabidi tuanze upya. Machotara nimewafungulia ukurasa wao kwenye daftari, na kwa sasa nawagawanyia kwa 11,000 mpaka mizani ya mpunga iseme vingine.